Ziwa lina akiba yake: maswali yenu kuhusu mvua ya tindikali

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza jambo moja: mvua ya tindikali, au mvua ya asidi kama wengine wanavyoiita, inafanya nini hasa ikiingia katika ziwa la maji baridi? Nimefurahi kuziona. Miaka mingi ya kazi yangu nimeimaliza mbele ya chupa za maji ya ziwa, na inaniuma kusikia watu wakisema jambo hili lilikwisha zamani. Nimezifupisha barua zilizokuwa ndefu.

Shikamoo mwalimu. Kitabu chetu kinasema maji safi yana pH 7, halafu ukurasa unaofuata kinasema mvua safi ina pH 5.6. Kipi ni sahihi? (Mwanafunzi wa sekondari)

Marahaba. Vyote viwili ni sahihi. pH ni kipimo cha tindikali: kadiri namba inavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi. Maji matupu, yasiyo na kitu chochote kilichoyeyuka ndani yake, yana pH 7. Lakini tone la mvua halitoki chupani, linashuka kupitia hewa, na hewa ina kaboni dioksidi. Sehemu ya gesi hiyo huyeyuka katika tone na kuwa tindikali dhaifu, ile ile iliyomo kwenye soda yenye mapovu. Hiyo peke yake inatosha kuiteremsha pH hadi karibu 5.6. Vumbi lenye chokaa huipandisha kidogo, salfa ya volkano na ya bahari huishusha kidogo, kwa hiyo usishangae ukipima mvua safi kabisa ukapata 5.2 au 6.

Tunaposema mvua ya tindikali tunazungumzia kitu kingine. Makaa ya mawe na mafuta mazito yakichomwa, au madini yenye salfa yakiyeyushwa, hutoka salfa dioksidi. Injini za magari na mitambo ya umeme hutoa oksidi za nitrojeni. Gesi hizo zikikaa hewani hugeuka kuwa tindikali ya salfa na tindikali ya naitriki, na hizi si dhaifu hata kidogo.

Jambo moja ulishike vizuri kabla ya mtihani. Kila hatua moja ya pH ni mara kumi. Mvua ya pH 4.6 ina ioni za hidrojeni, yaani zile chembe zinazoyafanya maji kuwa tindikali, mara kumi ya mvua ya 5.6, na ya 3.6 inazo mara mia. Ukisikia pH ya ziwa imeshuka "kwa moja tu", hiyo "tu" iondoe.

Mimi ni fundi mitambo. Kama tatizo ni moshi, kwa nini viwanda visijenge dohani ndefu ili moshi upeperuke mbali na watu?

Fundi, hilo lilifanyika, na ndilo lililoieneza mvua ya tindikali. Mkemia Robert Angus Smith, aliyechunguza mvua ya Manchester na kuandika habari zake mwaka 1852, aliona kwamba kadiri ulivyokaribia katikati ya mji ndivyo tindikali ilivyozidi. Mwaka 1872 alilitumia jina hilo la mvua ya tindikali katika kitabu chake. Wakati huo uchafu ulimwangukia zaidi aliyeutoa. Karne iliyofuata dohani zikarefuka. Kule Sudbury, Ontario, nchini Kanada, kwenye mitambo ya kuyeyushia nikeli na shaba, mwaka 1972 ilikamilishwa dohani ya mita 381. Hewa ya mjini ikapata nafuu kubwa. Lakini urefu wa bomba haukuipunguza salfa. Ilikaa hewani siku kadhaa, ikapata muda wa kugeuka tindikali, ikaanguka mamia ya kilomita kutoka ilikotoka.

Mwanasayansi wa udongo wa Uswidi, Svante Odén, ndiye aliyelisema wazi mwaka 1967: tindikali inayoangukia Skandinavia sehemu kubwa inatoka Uingereza na Ulaya ya kati. Aliyekosa samaki hakuwa yule aliyechoma makaa. Ndiyo maana ufumbuzi ulihitaji nchi kukaa meza moja, na mwaka 1979 ukasainiwa Geneva mkataba wa uchafuzi wa hewa unaovuka mipaka.

Nimesoma kwamba maziwa mawili yanaweza kuwa jirani, yakanyeshewa mvua ile ile, moja likapoteza samaki wote na la pili lisidhurike. Mvua inachaguaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na nitalijibu kwa kirefu.

Mvua haichagui. Kinachoamua ni mwamba na udongo ambao maji yanapita kabla ya kufika ziwani. Kumbuka kwamba mvua inayoangukia juu ya ziwa lenyewe kwa kawaida ni sehemu ndogo tu. Maji mengi huanguka mlimani na msituni, yakanywea ardhini, yakatembea kati ya chembe za udongo na nyufa za miamba, ndipo yakaingia ziwani. Njiani yanaokota vitu.

Yakipita kwenye mawe ya chokaa, yanaokota kalsiamu na bikabonati. Bikabonati ndiyo askari wa ziwa. Ioni ya hidrojeni ikiingia, bikabonati inaikamata, vinakuwa maji na kaboni dioksidi, na gesi hiyo inatoroka hewani. Tindikali imezimwa na pH haikutikisika. Yakipita kwenye itale au miamba mingine migumu ya aina hiyo, yenye udongo mwembamba juu yake, yanafika ziwani karibu mikono mitupu, kwa sababu itale hulika polepole mno.

Uwezo huo wa kuzima tindikali tunauita ualikali, na mtu anaweza kuuona kwa macho. Chukua mililita 100 za maji ya ziwa lenye chokaa, dondoshea kiashiria cha metili oranji, maji yatakuwa ya njano. Sasa fungua bureti, yaani mrija wa kioo wenye alama za vipimo, yenye tindikali ya salfa ya nomali 0.02, tone moja moja, huku ukizungusha chupa. Njano. Njano. Unaendelea hadi mkono unachoka, mililita tano, kumi, kumi na tano, ndipo rangi inageuka ghafla kuwa ya chungwa. Kwa kipimo hiki kila mililita moja ni sawa na miligramu 10 za kalsiamu kabonati kwa lita, kwa hiyo ziwa hilo lina 150. Sasa chukua maji ya ziwa la itale. Chupa ni ile ile, na maji ukiyatazama hayana tofauti yoyote, pengine ni maangavu zaidi. Tone la kwanza, la pili, la tatu, la nne, basi. Rangi imegeuka. Miligramu mbili kwa lita. Na hata hapo metili oranji imeyapendelea, kwa sababu katika maji maskini hivi rangi huchelewa kugeuka. Wanaofanya kazi hii kwa uangalifu huacha rangi wakatumia kipima pH. Mara ya kwanza nilipoona tone la nne likimaliza kila kitu nilidhani nimekosea, nikarudia mara tatu.

Hayo ndiyo maziwa mawili ya swali lako. Tofauti yao haiko katika pH. Siku ya kupima yote mawili yanaweza kusoma karibu 7. Iko katika akiba iliyo nyuma ya pH. Ziwa linaweza kupokea tindikali miaka na miaka, pH ikibaki pale pale, huku ualikali ukiliwa kimya kimya, na siku akiba inapokwisha pH huporomoka ndani ya muda mfupi. Anayepima pH peke yake hupata habari akiwa amechelewa.

Udongo nao una akiba yake. Chembe za mfinyanzi na mboji hushikilia kalsiamu na magnesi juu ya nyuso zake. Tindikali ikipita, ioni za hidrojeni huchukua nafasi hiyo, na salfeti, yaani salfa iliyokuja na tindikali hiyo, inaondoka na kalsiamu kuelekea mtoni. Mwanzoni ziwa linaokolewa kwa gharama ya udongo. Kalsiamu ikishapungua sana, kinachong'oka udongoni ni aluminiamu, na hapo mambo yanageuka, kama utakavyoona katika jibu linalofuata. Kuna pia udongo mwekundu wenye oksidi nyingi za chuma, ambao huishika salfeti yenyewe kwa miaka kisha huiachia baadaye. Huko madhara yanachelewa kuanza, na yanachelewa kwisha.

Samaki wanauawa na tindikali yenyewe, kama mtu aliyemwagiwa? (Mfugaji wa samaki)

Mara chache. Wengi hufa kwa njia nyingine mbili.

Ya kwanza ni ile aluminiamu. Ipo tele katika udongo wa kila mahali, na katika maji ya kawaida haiyeyuki, imelala. pH ikishuka kuelekea 5 inayeyuka na kuingia mtoni. Samaki anapumua kwa kupitisha maji juu ya matamvua, na pale kwenye ngozi ile nyembamba aluminiamu huganda. Samaki hujitetea kwa kutoa ute. Ukimfunua shavu utakuta matamvua ambayo yangepaswa kuwa mekundu na yenye kuchanua yamegandana kwa utando wa kijivu. Oksijeni imo majini, yeye haipati. Wakati huo huo chumvi ya damu yake inavuja kwenda majini na hawezi kuirudisha. Maji yenye kalsiamu nyingi humpunguzia mateso hayo, na maziwa ya itale ndiyo yaliyokosa kalsiamu.

Katika nchi zenye theluji pigo huja kwa siku chache. Tindikali ya majira yote ya baridi imehifadhiwa ndani ya theluji, na maji ya kwanza kuyeyuka huondoka na sehemu kubwa yake. Katika mto Tovdal, kusini mwa Norwe, masika ya mwaka 1975 samaki aina ya trauti walikufa kwa maelfu. Anayepima mara moja katikati ya kiangazi hawezi kuliona pigo la namna hiyo.

Njia ya pili ni njaa, na hii tunaijua vizuri kwa sababu ya jaribio moja la ujasiri. Katika eneo la maziwa ya utafiti huko Ontario, mtaalamu wa maziwa David Schindler na wenzake walichukua ziwa dogo lisilo na jina, lenye namba tu, Ziwa 223. Kuanzia mwaka 1976 walilitia tindikali ya salfa kwa makusudi, kidogo kidogo, wakaishusha pH kutoka karibu 6.8 hadi karibu 5 kwa miaka kadhaa, huku wakihesabu kila kiumbe. Wengi walitarajia trauti wakubwa wa ziwani wafe. Hawakufa mapema. pH ilipokuwa bado inakaribia 6, kiwango ambacho watu wengi wangekiita salama, kamba wadogo wa vilindini aina ya Mysis walitoweka karibu wote, na samaki wadogo waliokuwa chakula cha trauti wakaacha kuzaliana. Magamba ya kamba wakubwa yakawa laini. Baadaye trauti nao wakaacha kupata watoto waliopona. Waliobaki wakawa vichwa vikubwa na miili myembamba, wakiogelea katika maji ambayo bado wangeweza kuishi ndani yake, lakini hapakuwa na cha kula.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji, ukitaka kujua ziwa linaumwa usisubiri samaki waelee. Tazama konokono, kome na wadudu wa majini. Konokono na kome huanza kukosekana pH inapofika 6, wadudu wengi wanaoliwa na samaki na vyura kwenye 5.5, na kwenye 5 mayai ya samaki wengi hayaanguliwi. Chura mwenyewe anaweza kuvumilia chini ya hapo, ila atakula nini?

Ziwa tunalolitembelea limekuwa safi ajabu. Zamani maji yalikuwa ya rangi ya chai, sasa unaona mchanga wa chini, na samaki wachache tunaowavua ni wakubwa kuliko zamani. Je, si dalili njema?

Ningependa kusema ndiyo. Lakini dalili ulizozitaja, zikija pamoja, ndizo zilizowahi kuwadanganya wavuvi wengi.

Rangi ya chai hutokana na mabaki ya majani na mboji yaliyoyeyuka. Tindikali ikiongezeka, udongo huyaachia mabaki hayo kwa shida, na aluminiamu huyagandisha na kuyazamisha. Mwani unaoelea nao hubadilika na aina nyingi hupotea. Mwanga unafika chini, na pale chini huota mwani wa kijani wa nyuzinyuzi unaofanana na sufi iliyoloweshwa, au zulia la mimea laini ya majimaji iitwayo sphagnum. Samaki wakubwa na wachache maana yake ni kwamba mayai na watoto hawaponi, na wazee waliobaki wanagawana chakula kilichokuwa cha wengi. Mvuvi anafurahia samaki mnene miaka michache, kisha siku moja hapati kitu.

Hata hivyo uangavu peke yake hauthibitishi lolote. Yapo maziwa yaliyo maangavu kwa asili kwa sababu yana virutubisho vichache, na yana afya kamili. Fanya hivi: tazama kama mnavua samaki wa umri wote, wadogo kwa wakubwa. Kama wadogo hawapo kabisa, peleka maji yakapimwe ualikali, kalsiamu na aluminiamu, si pH peke yake.

Nitajuaje kwamba ziwa halikuwa la tindikali tangu zamani? Wenye viwanda husema hivyo siku zote.

Na mara nyingine ni kweli. Maziwa ya vinamasi vyenye mimea ile ya sphagnum yana tindikali ya asili, na yapo ya volkano yenye tindikali kali sana. Kwa hiyo hoja hiyo ilistahili kujibiwa kwa ushahidi, na ushahidi ulikuwa chini ya ziwa lenyewe.

Matope ya ziwa hutua tabaka juu ya tabaka. Unashusha bomba, unachota kipande kirefu kilichosimama, unakikata vipande vya nusu sentimita au sentimita moja, na umri wa kila kipande unaupata kwa risasi-210, aina ya risasi yenye mnururisho ambayo hupungua kwa nusu kila miaka 22 hivi. Kisha unaweka vumbi lake chini ya hadubini. Utaona diatomu, mwani mdogo wenye ganda la silika, mfano wa kisanduku cha kioo kilichotobolewa vitundu kwa mpangilio wa kupendeza kuliko kazi ya sonara. Mwani hufa, ganda hubaki. Kila aina hupenda pH yake, hivyo ukihesabu maganda mia kadhaa katika kila kipande unasoma historia ya pH ya ziwa lile, hata kabla hajazaliwa mtu mwenye kipima pH.

Walipofanya hivyo katika ziwa la Round Loch of Glenhead, kusini magharibi mwa Uskoti, walikuta pH ilikaa karibu 5.5 muda mrefu sana, ikaanza kuporomoka katikati ya karne ya 19, ikaishia chini ya 5. Na katika matope ya enzi hiyo ya viwanda mna chembe nyeusi za mviringo za masizi, ambazo hazitengenezwi na kitu kingine ila uchomaji wa makaa na mafuta kwa joto kali. Muhuri wa mwenye moshi umo mle mle topeni. Mimi naona hii ni moja ya kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kufanywa na wataalamu wa maji.

Kipima pH changu kinanisumbua. Katika maji ya ziwa kinasoma 6.4, nikikaa kidogo 6.1, baada ya saa moja 6.6. Kimeharibika?

Huenda hakina kosa. Kipimo cha kioo kinahitaji ioni majini ili kifanye kazi vizuri, na maji ya ziwa maskini yanazo chache mno. Ndiyo maana kinayumba. Jaza chupa hadi mdomoni, funika bila kuacha hewa, kwa sababu kaboni dioksidi ikitoroka pH inapanda, na hiyo 6.6 yako nadhani imetoka huko. Suuza kipimo kwa maji ya ziwa lenyewe mara mbili tatu. Koroga polepole, kisha acha maji yatulie kabla ya kusoma, na subiri hata dakika kadhaa. Kama unaweza, tumia kipimo kilichotengenezwa kwa maji yenye ioni chache.

Andika pia saa. Mwani unapopata jua hufyonza kaboni dioksidi na kuipandisha pH. Ziwa lenye mwani mwingi linaweza kupita 9 alasiri na kushuka tena alfajiri. Namba isiyo na saa ya kupimwa haina faida kubwa.

Je, kuogelea katika ziwa lenye pH 4.5 kunachubua ngozi?

Hapana. Ngozi yako inastahimili. Hofu ya haki ni mbili: maji hayo yakipita katika mabomba ya zamani yanaweza kuyeyusha shaba na risasi, na samaki wa maziwa hayo mara nyingi huwa na zebaki nyingi zaidi mwilini, kwa sababu bakteria wa matope wanaotumia salfeti ndio hao hao wanaoigeuza zebaki kuwa ile aina inayoingia kwenye nyama ya samaki.

Mbona watu wasimwage chokaa ziwani yakaisha?

Wanamwaga. Uswidi imefanya hivyo tangu miaka ya 1970 katika maelfu ya maziwa, kwa boti na helikopta, kwa unga wa mawe ya chokaa, na Norwe vilevile inatia chokaa mito ya samoni. Inasaidia. pH inapanda, aluminiamu inaganda na kutua, samaki wanarudi. Singemshauri mtu aidharau, kwa sababu imeokoa jamii za samaki ambazo zingepotea kabisa.

Lakini chokaa huondoka pamoja na maji. Ziwa ambalo maji yake hubadilika kila mwaka litahitaji chokaa tena na tena, na kijito kinacholeta tindikali wakati wa mafuriko hakitibiwi na unga uliotua kilindini. Zaidi ya hayo, kilichoporwa kilikuwa udongoni. Ndiyo maana kule Hubbard Brook, New Hampshire, nchini Marekani, mahali ambapo mwanaikolojia Gene Likens na wenzake walianza kuchunguza mvua mwaka 1963, mwaka 1999 walitumia helikopta kuisambaza kalsiamu silikati juu ya bonde zima la kijito kimoja, msituni. Walitaka kuurudishia udongo kile kilichosombwa. Sudbury nako wamenyunyiza chokaa iliyosagwa juu ya vilima vilivyokuwa vitupu na vyeusi, wakapanda miti kwa mamilioni.

Ziwa lenyewe nalo hujitibu kidogo. Katika lile Ziwa 223 iligundulika kwamba bakteria wa matope, wale wale niliowataja kwa ubaya juu ya zebaki, wanapoitumia salfeti huzalisha ualikali. Walizima sehemu ya tindikali iliyomwagwa, na watafiti wakalazimika kutia nyingi kuliko walivyokadiria.

Si tatizo hili lilikwisha? Hatulisikii tena.

Tindikali inayoanguka imepungua sana katika nchi nyingi, na imepungua kwa sababu watu walitunga sheria wakazisimamia. Marekani ilirekebisha sheria yake ya hewa safi mwaka 1990, na salfa dioksidi ya mitambo yake ya umeme imeshuka kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka huo. Ulaya imeshuka vivyo hivyo. Uchina, iliyofikia kilele katikati ya miaka ya 2000, nayo imepunguza mno. Nitrojeni imekuwa ngumu zaidi, maana hutoka kwenye magari mengi na kwenye mbolea na samadi pia.

Ziwa ndilo halifuati ratiba ya sheria. Mvua inaweza kusafika ndani ya miaka michache, lakini kalsiamu ya udongo wa itale hurudi kwa mwendo wa mwamba kulika, na huo huhesabiwa kwa miongo, pengine kwa karne. Katika maziwa mengi ya Ontario pH imepanda ila kalsiamu imeendelea kushuka, na viroboto wa majini wa jamii ya Daphnia, wanaohitaji kalsiamu kwa magamba yao, wamepungua. Mahali pao wameongezeka Holopedium, wadudu wadogo waliojifunika utelezi kama ute wa yai, wasio na haja kubwa ya kalsiamu. Ukichota maji kwa wavu mwembamba, kinachobaki ni rojorojo. Maji yenyewe katika maziwa mengi ya Ulaya na Amerika Kaskazini yamerudi kuwa ya rangi ya chai kwa sababu salfeti imepungua. Watu wa mitambo ya maji ya kunywa wanalalamikia rangi hiyo, nami nawaelewa, ingawa kwa sehemu ndiyo rangi ya kale inayorejea.

Lakini yapo yaliyoinuka. Karibu na Sudbury kuna ziwa liitwalo Clearwater. Katika miaka ya 1970 pH yake ilikuwa 4.3 hivi, na samaki walikuwa wametoweka. Hakuna aliyelitia chokaa. Dohani zilipopunguza salfa lilianza kupanda lenyewe, polepole, mwaka kwa mwaka, na baada ya mwaka 2000 lilivuka 6.